Kalamu ya Barua si Kalamu ya Saini

Ukiingia duka la vifaa vya ofisi mjini, uwe Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa, ukauliza kalamu ya wino, aghalabu muuzaji hatakupeleka kwenye rafu ya madaftari. Atafungua kabati la kioo, atoe kisanduku kilichotandikwa kitambaa laini, na ndani yake utakuta kitu kizito, cheusi, chenye pete ya rangi ya dhahabu. Kimetengenezwa ili mtu azawadiwe: mkurugenzi anayestaafu, mhitimu wa chuo, bwana harusi. Ukiomba kukijaribu, utasogezewa kipande cha karatasi, nawe utafanya lile ambalo karibu kila mteja hulifanya. Utatia saini.

Saini ni kazi ya sekunde mbili. Mkono umeizoea, unaipiga kwa kasi, na kalamu yoyote yenye wino ndani yake itaimudu. Barua ya kurasa mbili ni kazi nyingine. Inakula saa nzima. Katikati yake unasita, kalamu iko wazi mkononi, unatafuta neno la kumfariji mtu aliyefiwa na mama yake. Ukilipata, unataka wino utoke palepale, bila kukwaruza kwanza pembeni mwa ukurasa. Vidole vinadai mapumziko na barua haijafika nusu. Karatasi ina pande mbili na unataka kuzitumia zote. Kalamu iliyofaulu kwenye saini inaweza kufeli kabla hujafika "ama baada ya salamu". Ndiyo maana nasema maduka yetu yanatuuzia kalamu za saini, na anayetaka kuandika barua kama jambo la kila siku inambidi ajifunze kuzikataa.

Wanaoandika bado wapo, na si wazee peke yao. Barua ya posa ingali hai. Mshenga haendi kwa wakwe na ujumbe wa simu. Bahasha itafunguliwa mbele ya wazee, itasomwa, itapita mkono kwa mkono, na ziko nyumba ambamo itawekwa sandukuni miaka yote ya ndoa. Mwanafunzi wa bweni asiyeruhusiwa simu huandika. Mfungwa huandika. Anayetaka kumpa pole rafiki, akaona maneno ya kwenye kundi la WhatsApp hayatoshi, huandika. Wahenga walisema barua ni nusu ya kuonana, na mimi naamini sehemu kubwa ya nusu hiyo imo kwenye mwandiko. Biki huacha mstari wa unene mmoja tangu salamu hadi wasalaam. Kalamu ya wino huacha rangi nzito kidogo pale mkono ulipotulia na nyepesi pale ulipokimbia, na msomaji anayemjua mwandishi huyaona hayo hata asipoyatia maanani.

Ili ujue cha kutazama dukani, inafaa ujue kwanza kalamu hii inavyofanya kazi. Igeuze uitazame kwa chini. Nyuma ya nibu kuna kipande cheusi cha plastiki ambacho wanunuzi wengi hawakiangalii. Kina mifereji myembamba sana inayotoka kwenye hifadhi ya wino hadi chini ya nibu, na kandokando kina safu ya mapezi. Wino hupita humo kwa nguvu ileile inayopandisha mafuta ya taa kwenye utambi wa koroboi: umajimaji hung'ang'ania kuta za nafasi nyembamba na kujivuta wenyewe. Nibu nayo imepasuliwa katikati, na ule mpasuko ndio mfereji wa mwisho. Ncha ikigusa karatasi, karatasi huuvuta wino. Lakini wino unaotoka lazima nafasi yake ichukuliwe na hewa, la sivyo utakwama ndani. Kwa hiyo katika kipande hicho kidogo wino unashuka na hewa inapanda, vinapishana muda wote unaoandika.

Kupishanisha viwili hivyo kuliwatesa mafundi kwa karne nyingi. Katika karne ya 10, kadhi al-Nu'man wa dola ya Fatimiya aliandika kwamba khalifa al-Mu'izz aliagiza itengenezwe kalamu inayobeba wino wake yenyewe, isiyochafua mikono wala nguo, na fundi akaileta. Mwaka 1827 Petrache Poenaru, Mromania aliyekuwa akisoma Paris, alipewa hataza ya Ufaransa kwa kalamu ya namna hiyo. Hata hivyo, kalamu za karne ya 19 ziliendelea kuvuja na kukauka, mara hili mara lile, hadi Lewis Waterman wa New York aliposajili mwaka 1884 hataza ya kipande chenye mifereji inayoruhusu hewa na wino kupishana kwa utaratibu. Kalamu nzuri ya leo ni mzao wa kipande hicho. Pete ya dhahabu haihusiki.

Kupishana huku kwa wino na hewa kuna uzito wa pekee kwetu tunaoishi kwenye joto. Hewa iliyomo ndani ya kalamu ikipata moto hutanuka na kuusukuma wino nje. Kalamu iliyobaki na wino nusu, ikiachwa garini chini ya jua la Dar es Salaam mwezi Februari, itatapika ndani ya kifuniko. Yale mapezi yapo ili kuushika wino unaozidi kabla haujafika kwenye karatasi, na kalamu yenye mapezi mengi hustahimili zaidi. Kwa sababu hiyohiyo siwashauri watu wa pwani kutumia kalamu za kudondoshea, zile ambazo mwili wake wote hujazwa wino kwa dropa. Zinabeba wino mwingi sana na zina wapenzi wake, lakini wino ukipungua, nafasi inayobaki hujaa hewa, joto la mkono wako mwenyewe huitanua, na tone kubwa huanguka katikati ya sentensi. Kwa Iringa au Limuru labda. Kwa Tanga, hapana. Na ukipanda ndege, ibebe ikiwa imejaa kabisa au tupu kabisa, nibu ikitazama juu.

Kabla ya kufika kwenye ukubwa wa nibu kuna suala la mkono, kwa sababu karibu sote tumelelewa na biki. Bic Cristal ilitoka Ufaransa Desemba 1950, na ndani ya miaka michache peni za aina hiyo zikaenea duniani. Ufaransa yenyewe, ambako mtoto alifundishwa kuandika kwa nibu na kidau, iliziruhusu shuleni mwaka 1965. Biki ina goroli ndogo nchani na wino mzito. Ili goroli izunguke ni lazima uisimamishe peni na kuikandamiza. Mtoto anayejifunza kwa biki hujifunza kukandamiza, na ndiyo maana madaftari yetu ya shule ya msingi yalisomeka kwa kupapasa upande wa nyuma. Kalamu ya wino haitaki nguvu yoyote. Unailaza, mteremko wa kama nyuzi 45, na uzito wake wenyewe unatosha. Anayeikandamiza anaitanua miguu miwili ya nibu, mpasuko unafunguka, wino unakatika, naye anasema kalamu ni mbovu.

Kwa hiyo kwa kalamu ya kwanza nashauri nibu ngumu ya chuma cha pua. Itavumilia mkono uliolelewa na biki wakati mkono unajifunza upya, na wiki chache za kuandika kila siku humtosha mtu mzima. Kuna msemo kwamba kalamu ya wino haiazimwi kwa sababu nibu huizoea mikono ya mwenyewe. Lakini ncha ya nibu za kisasa ni ngumu mno, haichongeki kwa kuandika barua chache. Sababu ya kweli ya kutoiazima ni kwamba anayeiazima ataishika kama biki.

Sasa nibu yenyewe. Nibu nyingi huandikwa herufi: EF ni nyembamba sana, F nyembamba, M ya wastani, B nene. Kwenye yale makabati ya kioo utakuta M zimejaa, kwa sababu M hutoa saini inayovutia. Kwa barua, na hasa barua ya Kiswahili kwenye karatasi tunazopata hapa, mimi nasimama na F. Tazama maandishi yetu. Kiswahili kimejaa a, e na o, herufi zenye tundu katikati, nazo hurudi katika silabi nyingi; na maneno yetu ni marefu, kitenzi kimoja kinabeba mtendaji, wakati na mtendewa. Nibu nene juu ya karatasi inayonyonya huziba matundu hayo. Niliwahi kushikishwa rasimu ya barua ya posa iliyoandikwa kwa M yenye wino mwingi kwenye karatasi ya fotokopi. Mwandiko wa kijana ulikuwa mzuri, lakini "tumewaelekea" ilikuwa safu ya vidoto vya bluu, na wazee wangehitaji miwani miwili kuisoma. Tuliiandika upya kwa nibu nyembamba, karatasi ileile, na ikasomeka kutoka upande wa pili wa meza.

Ukinunua, kumbuka kwamba Wajapani na Wazungu hawapimi sawa. M ya Kijapani hukaribia F ya Kijerumani, na F ya Kijapani huwa nyembamba zaidi ya hapo. Mwenye mwandiko mdogo anaweza kuchukua F ya Kijapani bila hofu. Mwenye mwandiko mkubwa, uliolala, ataiona inakwaruza. Achukue M ya Kijapani au F ya Ulaya.

Karatasi inastahili heshima kubwa kuliko inayopata. Watu huamini karatasi nzito ndiyo nzuri. Uzito husaidia, lakini kinachoamua zaidi ni gundi iliyotiwa wakati wa kutengeneza na jinsi uso ulivyomalizwa. Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 mara nyingi huuachia wino utambae kwenye nyuzi zake, ukingo wa kila herufi ukaota manyoya, wakati karatasi ya Kijapani ya Tomoe River yenye gramu 52 tu huushika wino juu kabisa na kuuacha ukauke polepole. Hatuhitaji kuagiza karatasi Japani. Nunua pedi moja ya barua, au daftari moja la mistari, andika mistari mitano, subiri, geuza upande wa pili. Ukikuta wino haujapenya, rudi ununue kadhaa za mkupuo huohuo, maana hata karatasi ya jina moja inaweza kubadilika kati ya shehena na shehena. Kisha beba kurasa zake chache kwenye pochi siku unayokwenda kununua kalamu. Karatasi ya kujaribia ya dukani huwa imechaguliwa ili kila kalamu ionekane nzuri.

Dukani, kabla ya wino, inua nibu kwenye mwanga. Miguu yake miwili inatakiwa iwe sawa, hakuna uliopanda juu ya mwenzake, na mpasuko uwe mwembamba kuelekea nchani. Ukiona mguu mmoja umeinuka, irudishe kalamu hata kama inaandika, kwa sababu itakukwaruza ukielekea upande mmoja. Omba ichovywe kwenye wino. Chora nane kubwa zilizolala, taratibu, bila kukandamiza, usikilize kwa vidole. Halafu andika aya ya barua. Andika mwanzo ambao sote tunaujua kwa moyo, dhumuni la barua hii ni kukujulia hali, na uendelee hadi mistari sita au saba. Wacha kalamu wazi kwa muda wa kusita kwa kawaida, nusu dakika hivi, uendelee tena. Kama neno la kwanza halitoki, umeshapata jibu. Muuzaji akikunyima kuchovya, na wengi watakunyima, basi nunua kwa anayeruhusu au kwa anayekubali kurudishiwa.

Kwa wale wa pwani na Visiwani, na ndugu zao walioko Omani, ambao bado huandikiana kwa herufi za Kiarabu, kuna la ziada. Mkono wa kulia ukienda kutoka kulia kwenda kushoto huisukuma nibu badala ya kuivuta, na kiganja hufuata nyuma ya wino mbichi. Shida ni ileile ya mashoto anayeandika kwa herufi za Kirumi. Jaribuni kwa mwendo wenu, msitosheke na zile nane, na mtafute wino unaokauka haraka.

Dhahabu niipitie kwa haraka. Iliingia kwenye nibu kwa sababu ya maana: wino wa zamani ulikuwa na asidi na chuma kilikula kutu. Chuma cha pua kiliiondoa sehemu kubwa ya sababu hiyo. Nibu ya karati 14 ina dhahabu asilimia 58.5, huwa na mnepo kidogo, na wapo wanaoupenda. Lakini ncha inayogusa karatasi, iwe nibu ya dhahabu au ya chuma cha pua, ni kidonge kidogo cha metali nyingine ngumu ambacho bado huitwa iridiamu. Ulaini unaousikia unatoka kwenye jinsi kidonge hicho kilivyosuguliwa. Ukiwa na fedha ya dhahabu, nunua kalamu ya chuma, na inayobaki nunua karatasi na stempu.

Kuhusu uzito, shika kalamu bila kukichomeka kifuniko nyuma yake. Kama ni fupi mno au nyepesi mno bila kifuniko, chomeka, uone kama inavutwa nyuma ya kiganja. Kalamu za zawadi hutengenezwa kwa shaba nzito ili zisikike za thamani zinapopokelewa. Kwenye ukurasa wa pili uzito huo unahamia kwenye kidole gumba. Tazama pia pale vidole vinapokaa. Chuma kilichong'arishwa huteleza mkono ukitoka jasho, na mikono yetu hutoka jasho. Plastiki isiyong'aa hushikika.

Jambo ambalo hakuna tangazo linaliweka mbele ndilo ninaloliweka mbele mimi: kifuniko. Mwandishi wa barua wa kila siku huandika leo, kesho akashindwa, keshokutwa akarudi. Kifuniko kisichoziba vizuri humkutanisha na nibu iliyokauka kila anaporudi, na mtu anayelazimika kuamsha kalamu kwa maji kila mara hurudi kwenye biki, na baadaye kwenye simu. Kampuni ya Platinum ya Japani huweka ndani ya kifuniko kikombe chenye springi kinachoifunika nibu kabisa; wao wanadai kalamu yao ya Preppy huweza kukaa mwaka mzima bila kukauka. Hata ukiupunguza mwaka huo kwa nusu na nusu tena, unabaki na muda mrefu kuliko kalamu nyingi za kisanduku zinavyoweza kuvumilia.

Ukinitaka nitaje majina, nitayataja. Preppy hiyo ndiyo ninayompa mtu anayeanza. Ni plastiki tupu, inauzwa dola chache tu ng'ambo, kifuniko chake hupata ufa baada ya muda, na inaandika vizuri kuliko inavyostahili kwa bei yake. Mwili wake unapenyeza mwanga, kwa hiyo unauona wino na mapezi kwa macho yako. Kakuno ya Pilot, iliyotoka 2013 kwa ajili ya watoto na yenye sura ya kutabasamu iliyochorwa kwenye nibu, ni kalamu ya barua iliyo kamili, na mtu mzima asione haya kuitumia. Mwenye kutaka mwili wa metali atapata nibu za aina hiyohiyo kwenye Metropolitan ya Pilot. Safari ya Lamy, ya mwaka 1980, ni imara na nibu yake huchomoka na kubadilishwa nyumbani, ila sehemu yake ya kushikia ina pande tatu zinazoviamuru vidole vikae wapi. Ukishika kalamu kwa namna yako, utagombana nayo, ijaribu kwanza. Anayetaka kalamu ya kumaliza nayo maisha na ana uwezo, atazame Pelikan M200: nibu ya chuma, na pistoni ya kufyonza wino ya aina ambayo kampuni hiyo ya Hanover imekuwa ikiitumia tangu 1929. Ni nyepesi, na ndiyo sababu naipenda kuliko kubwa zake zenye dhahabu.

Na kabla ya kununua chochote, fungua droo ya babu. Katika nyumba za makarani, walimu na mahakimu wa zamani huenda kukawa na Parker 51, kalamu iliyoanza kuuzwa 1941, ambayo nibu yake imefichwa chini ya mwili na ncha pekee ndiyo inayochungulia. Ilitengenezwa hivyo ili wino usikauke upesi, na ni kalamu ya barua hasa. Zile zilizotoka kuanzia 1948 zina mfuko wa plastiki ambao kwa nyingi bado unafanya kazi. Isiyoandika mara nyingi haijafa, imeganda wino wa miaka mingi. Iloweke upande wa nibu kwenye maji baridi usiku kucha, bonyeza mfuko, badilisha maji, rudia hadi yatoke meupe. Usitumie maji ya moto wala spiriti, na usijaribu kuifungua kwa koleo.

Ujazaji una njia mbili za kawaida. Katriji ni rahisi, lakini Pilot, Platinum, Sailor, Lamy na Parker kila mmoja ana katriji yake isiyoingia kwa mwingine, na mji unaoweza kukuuzia kalamu hauna lazima ya kukuuzia katriji zake. Uliza hilo kabla ya kulipa. Kibomba kidogo cha kufyonzea, ambacho hukaa mahali pa katriji, kinakuweka huru: chupa moja ya wino ya mililita 50 au 60 itakutosha kwa mamia ya kurasa, na itaingia kwenye kalamu yoyote utakayomiliki. Ukinunua kalamu isiyo na kibomba hicho ndani ya kisanduku, kiongeze kwenye hesabu ya bei.

Onyo moja kuhusu chupa. Kwenye rafu za vifaa vya uchoraji kuna wino mweusi wa kuchorea, unaoitwa wino wa Kihindi. Una masizi na vanishi ndani yake. Ukiutia kwenye kalamu ya wino, utaganda kwenye mifereji na kalamu imekwisha. Wino wa masizi na gundi, ambao wanakili wa misahafu wameutumia kwa karne nyingi, haupauki kabisa, lakini ulitengenezewa kalamu ya utete inayochovywa na kufutwa. Kwenye lebo tafuta maneno yanayosema wino ni wa kalamu za aina hii.

Hapa ndipo mwandishi wa barua anapaswa kufikiri zaidi kuliko mtia saini. Wino mwingi wa bluu unaouzwa madukani ni rangi iliyoyeyushwa katika maji. Unatiririka vizuri, unatoka nguoni kwa kufua, na kwa sababu hizohizo hufifia kwenye mwanga na kupotea ukilowa. Kwa barua ya kujulia hali, unatosha. Kwa barua itakayotunzwa, kuna wino wa chumvi za chuma na tanini, ambao hutoka na bluu na kugeuka mweusi ukikutana na hewa, ukashikamana na nyuzi za karatasi. Uingereza iliandika madaftari yake ya ndoa kwa wino wa namna hiyo hadi 2021. Pelikan 4001 ya bluu-nyeusi ni mmojawapo, lakini jina la bluu-nyeusi peke yake halitoshi, maana kampuni nyingine hulitumia kwa rangi ya maji ya kawaida. Wino huu wa chumvi za chuma una asidi kidogo, kwa hiyo utumie kwenye nibu ya chuma cha pua au dhahabu, usiuache ukaukie ndani, na suuza kalamu kwa maji baridi kila unapoijaza upya.

Sisi tunajua thamani ya barua iliyobaki. Barua ambazo Shaaban Robert alimwandikia nduguye Yusuf Ulenge kati ya 1931 na 1958 zilichapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 2002, na kwazo tunamsikia mtu huyo akisema mambo asiyoyasema kwenye vitabu vyake. Kitabu hicho kipo kwa sababu aliyeandikiwa alizitunza na maandishi yakaendelea kusomeka. Barua ya posa, barua ya mzazi kwa mtoto aliye mbali, barua ya kuagana: hizo ziandike kwa wino wa kudumu, na ule wa bluu uuache kwa salamu.

Lakini anwani juu ya bahasha iandike kwa biki. Bahasha itapita mikono yenye jasho, itakaa kwenye gunia, na wakati wa masika itanyeshewa kati ya basi na kaunta ya posta. Jina, S.L.P. na mji, kwa herufi kubwa, ukikandamiza.